Satini ya maji kwenye milango ya ndani badala ya rangi ya mafuta: masika na vuli zimepita, majibu haya hapa

Niseme wazi kabla ya yote, mi sio fundi na hakuna kampuni ya rangi inayonilipa, ndo maana hata jina la kopo silitaji, maana kampuni kubwa karibu zote zinazouza hapa Dar saizi zina rangi ya aina hii na tofauti kati ya kopo na kopo ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu aliyepiga msasa na mtu aliyeruka. Ninachoongelea ni satini ya maji ya mbao na chuma, ile inayong'aa kidogo tu bila kukuchoma macho. Nimeipaka kwenye milango ya vyumba, stoo na choo cha ndani, nyumba ipo Tabata, ya miaka ya tisini, milango ya vyumba ni flashi ya plaiwudi, yaani bapa isiyo na paneli, iliyokuwa na rangi ya mafuta nyeupe tangu enzi hizo, masika imepita juu yake na vuli imepita, watoto wapo ndani na wana mikono kama watoto wengine wote, kwahiyo nadhani nina haki ya kusema.

Kwa wenye haraka: milango ya vyumbani sirudi kwenye rangi ya mafuta. Mlango wa jikoni, hapana, bado sijashawishika. Mlango wa mninga usipake rangi yoyote ile nakuomba, huko chini ntaeleza.

Kilichonihamisha kwanza ni njano. Rangi nyeupe ya mafuta inageuka njano, hilo kila mtu anajua, ila wengi wanalaumu jua, kumbe kinachoikolezea njano ni giza. Mlango wetu wa stoo upo mwisho wa korido ambako hakuna dirisha, ule ulikuwa umeshakuwa rangi ya siagi kabisa, wakati mlango wa sebuleni unaopigwa na mwanga kila siku ulibaki mweupe wa kueleweka. Nyuma ya mlango wa watoto kulikuwa na kalenda imebandikwa muda mrefu mpaka wote tumesahau ni ya mwaka gani, naibandua nikitegemea kukuta nyeupe safi imejificha chini yake, nakuta mstatili wa njano iliyokolea kuliko mlango mzima. Nyeupe ya maji haina tabia hiyo, ile ya stoo mpaka leo ukiilinganisha na ya sebuleni zinafanana.

Cha pili ni kumbikumbi. Aisee. Rangi ya mafuta inataka usiku mzima ndo ikauke vizuri kabla ya mkono wa pili, yaani tabaka la pili, na unyevu wa Dar ukiwa juu inaweza kuzidi hapo, sasa wewe unapaka jioni baada ya kazi, taa inawaka, mvua imenyesha mchana, wanaingia kupitia kila upenyo na wanatua kwenye kitu kinachong'aa, asubuhi unakuta mabawa yamezama ndani ya rangi yamekauka humohumo na njia pekee ni msasa tena. Mbu nao hivyohivyo, vumbi la barabara isiyo na lami nalo hivyohivyo. Satini ya maji baada ya saa moja mpaka mbili hainatishi kitu tena, unaweza kupaka saa nne asubuhi, mkono wa pili saa tisa, na taa zinapowashwa kumbikumbi watue watakavyo.

Harufu sitaisemea sana. Mdogo wangu ana pumu, na siku jirani alipopaka grili zake kwa rangi ya mafuta tulihamia uani wote. Hii ya maji ina harufu pia, usidanganywe kwamba haina, ila siku hiyohiyo watu wanalala ndani.

Sasa dukani. Ukienda ukasema "naomba rangi ya maji" utapewa emolshen ya ukutani, na muuzaji hana kosa, ndo watu wote wanavyoiita. Emolshen kwenye mlango ni hasara, mwezi mmoja tu alama za vidole haziondoki na ukisugua inaondoka rangi yenyewe. Sema ya mbao, ya maji, satini au nusu glosi, alafu geuza kopo usome mwenyewe kwamba limeandikwa mbao na chuma. Mi nilizunguka Buguruni, muuzaji wa kwanza akaniambia haipo kitu kama hicho, wa pili akaniambia ipo lakini ni ya wazungu, wa tatu akapanda ngazi akalitoa kopo juu kabisa lina vumbi. Angalia tarehe na ulitikise, likiwa limeshika mgando chini usichukue hata akikupunguzia bei.

Kuhusu kiasi hapa ndo watu wanaliwa hela. Mlango wa kawaida wa futi 3 kwa 7, pande zote mbili pamoja na kingo, ni kama mita za mraba 4. Lita moja ya rangi hizi inafunika mita 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja. Kwahiyo milango mitano mikono miwili ni kama mita 40, kopo la lita 4 linatosha, ukipaka na fremu ongeza lita moja basi. Fundi aliyekuja kuangalia kazi akaniambia "bosi hapa ndoo moja ya lita 20 na tina galoni mbili tutaenda nazo". Tina, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, galoni mbili kwa rangi ya maji! Nikamshukuru nikamsindikiza getini, tukaagana vizuri tu.

Aliyefuata alikuwa kijana mzuri, mkono mwepesi na brashi, lakini naye kwenye maandalizi akawa na lugha yao ileile, "hii bosi tunaikwaruza kidogo tu afu tunaipiga, kwani nani anaangalia". Na hapa ndo pointi yangu nzima ya hii rivyu ilipo, kwahiyo nivumilie kidogo: ukisikia mtu anasema rangi ya maji kwenye mlango inabanduka kama gamba, muulize ilipakwa juu ya nini. Juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, bila msasa wa maana na bila andakoti, ile ya kutangulia chini ya rangi, itabanduka, hata ungenunua kopo la dola mia. Haina mahali pa kushika. Utaingiza kucha kwenye kona ya mlango na utavuta utepe mrefu mpaka chini, na nimeuona kwa macho kwa shemeji yangu Kimara, mtoto wake aligeuza ndo mchezo.

Kama hujui mlango wako una rangi gani, chukua kitambaa cheupe, kiloweke na spiriti ile ya kuwashia jiko, sugua sehemu iliyojificha, tuseme juu ya bawaba. Rangi ikitoka kwenye kitambaa hiyo ni ya maji, isipotoka ni ya mafuta. Milango yangu haikutoa hata alama.

Basi tukafanya hivi. Vitasa vikatolewa kwa bisibisi, sio kuzungushiwa tepu, kuvitoa, dakika tano tu kwa mlango na ndo kitu kinachofanya kazi ionekane ya mtu aliyejali. Milango tukaiosha kwa maji ya sabuni ya unga hasa pale karibu na kitasa ambako pana miaka ya mafuta ya nazi na losheni, maana ukipiga msasa juu ya mafuta unayasukumia ndani tu. Ikakauka. Msasa namba 120 kuondoa mng'ao mpaka mlango wote uwe umefifia, usiache hata sehemu moja inayokumulika ukiinama na tochi, halafu 180 kulainisha.

Huo msasa tulipiga wa maji, tunalowanisha tunasugua, na sio kwa ajili ya ulaini. Nyumba za zamani rangi zake zinaweza kuwa na risasi, yaani madini ya risasi, hasa rangi kali kama njano, nyekundu na chungwa, ila hata nyeupe ya zamani usiiamini. Marekani walishaipiga marufuku kwenye rangi za majumbani tangu 1978, na kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa siku hizi ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni, ila mlango wa zamani haujui habari za viwango vya sasa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Kwahiyo msasa mkavu ndani ya chumba cha watoto, vumbi jeupe linatanda mpaka kwenye godoro, jamani hapana. Lowanisha, tandika turubai chini, watoto wakacheze kwa bibi, ukimaliza deki kwa kitambaa kibichi na sio ufagio. Fundi wangu alicheka mwanzoni, nikamnunulia barakoa akaacha kucheka akaivaa.

Mashimo ya misumari tuliziba na puti ya mbao. Nasisitiza ya mbao kwasababu mafundi wengi wanatembea na puti ya ukutani kwenye mfuko wa rambo, wanaikoroga na maji wanaipiga mlangoni, inakauka vizuri inapendeza, mwezi wa pili mlango ukibamizwa inatoka kipande kizima na shimo lako linarudi.

Alafu andakoti ya kushikia, ile inayoandikwa inashika juu ya rangi ya zamani ya mafuta. Ni hela ya ziada na inauma kwasababu haionekani. Mi nilinunua lita 2 nikaongeza na nusu baadae. Ikikauka pitisha msasa 240 kwa mkono mwepesi mno, futa vumbi, ndo uanze rangi yenyewe.

Kwenye upakaji kuna mambo mawili yaliyonishangaza. La kwanza brashi. Zile brashi za nywele za nguruwe zinazouzwa kila duka zinakunywa maji zinalegea, na zinatema nywele, kwenye mlango wa stoo upande wa ndani kuna unywele mmoja mweusi umelala mshazari chini kidogo ya kitasa, upo chini ya rangi kabisa, kila nikiingia kuchukua mchele naanza na huo. Tafuta brashi ya nailoni ya inchi 2. Kwa uso wa mlango wa flashi tumia rola ndogo ya inchi 4 yenye nywele fupi, sio ya sponji, sponji inaacha mapovu madogomadogo yanayopasuka yakabaki vishimo. Unagawa mlango, unaanza juu, unapaka kipande unakimalizia kwa kupitisha rola tupu taratibu bila kukandamiza kutoka chini kwenda juu, unashuka kingine kabla cha juu hakijakauka. Mlango wa paneli ni tofauti, unaanza na zile paneli zenyewe na mifereji yake kwa brashi, halafu mbao ya katikati, halafu za mlalo, unamalizia na za wima pembeni.

La pili ni feni. Akili inakwambia washa feni ikauke haraka. Hapana! Na joto hili la Dar hii rangi tayari inakauka haraka mno, ukiongeza feni unakuta ukirudi kuunganisha kipande cha pili cha kwanza kimeshakufa na unabaki na mstari wa muungano unaoonekana kila taa ikiwaka. Zima feni wakati wa kupaka, ukimaliza washa. Paka asubuhi. Ikiwa nzito weka maji kidogo sana kama kopo linavyosema, usikubali fundi aiongezee kwa kukadiria na jagi.

Haya, uzuri umeshausikia, sasa nisichokipenda.

Inakauka haraka ila inakomaa taratibu, hivi ni vitu viwili. Kushika kwa mkono ni masaa, kukomaa ni wiki mbili mpaka nne, na kipindi cha mvua zaidi. Katika muda huo mlango ukifungwa usiku kucha unanata kwenye fremu, asubuhi unavuta unasikia krrrr na rangi ya ukingo inabaki kwenye fremu. Wiki ya kwanza acheni milango wazi usiku. Kwa choo hilo ni gumu kidogo, mkubaliane kama familia, sisi khanga ya mama watoto ilining'inia pale na kila anayeingia anaimba. Baada ya hapo nikapaka nta ya mshumaa sehemu zinapogusana, kelele ikaisha. Rangi ya mafuta haina mambo haya, ikikauka imekauka.

Pili, mikono. Mafuta ya mwilini na losheni yanailainisha hii rangi pole pole. Kuzunguka kitasa cha chumba cha watoto pameanza kuwa na weusi na ukigusa panashika kidole kidogo. Sponji na sabuni ya vyombo inatoa weusi ila ule unato ukishaanza hautoki kwa kuosha. Dawa yake ni ile bati ya kitasa kubwa ya mtindo wa zamani inayofunika sehemu mikono inapogusa, ambayo mi nilikuwa nimeitoa nikijiona wa kisasa, au kuwafundisha watu kushika kitasa badala ya mlango, chagua kilicho rahisi kwako. Kwasababu hiyohiyo jikoni sijapaka. Mlango wa jikoni unashikwa na mikono yenye mafuta ya kupikia siku nzima, na mvuke na moshi juu yake, pale glosi ya mafuta, ile inayong'aa sana, bado ndo mwenyewe, unapangusa na kitambaa na sabuni inabaki kama ilivyo. Itakuwa njano, ndio, lakini jikoni nani anaangalia.

Choo nakisifia, ila sio rangi peke yake iliyofanya kazi. Mlango wa choo unakufa kuanzia chini. Maji ya kudeki na kuoga yanapanda kupitia ule ukingo wa chini ambao hajawahi kuupaka mtu yeyote tangu mlango ulipotoka kwa seremala, plaiwudi inavimba inafunguka matabaka, halafu unailaumu rangi ya mbele. Tuliutoa mlango kwenye bawaba, tukaulaza, ukingo wa chini ulikuwa mweusi na unabonyea, tukakausha siku kadhaa, tukakwangua iliyooza, puti ya mbao, andakoti mara mbili na rangi mikono mitatu. Ukingo wa juu nao hivyohivyo. Masika haukuvimba. Miaka yote ya nyuma ikifika mwezi wa nne ulikuwa lazima uupige teke ndo ufungike.

Mninga sasa. Mlango wa mbele wangu ni mninga, na fundi alipomaliza ndani akaona rangi imebaki akasema "na huu tuupe nyeupe bosi ufanane". Nilimkatalia kama kaniomba figo. Watu wanautafuta mninga kwa bei ya roho, mbao ile haihangaiki na mvua wala jua kirahisi, rangi yake ndo thamani yake, msasa mwepesi na vanishi inatosha. Mlango wa mkongo hivyohivyo. Na kama ni paini jua kwamba vile vifundo vyake vinatoa utomvu unaopenya rangi na kuacha madoa ya kahawia, vizibe kwanza na sheleki, ile vanishi ya kuzuia madoa, kabla ya andakoti, vinginevyo utapaka mikono minne na doa litakusalimia kila mara.

Bei: kopo la satini ya maji lilikuwa ghali kuliko la mafuta kama mara moja na nusu hivi pale niliponunua, ila hununui tina, na brashi unaosha bombani. Andakoti ndo iliyopandisha bili. Ufundi nilikubaliana kwa mlango, sio kwa siku, na kwenye makubaliano nikaandika kabisa kwenye karatasi msasa, kuosha na andakoti kila kimoja na hela yake, maana ukisema "kazi yote kiasi gani" vitu hivyo ndo vya kwanza kupotea. Ukiweza kufanya mwenyewe fanya, mlango wa flashi sio kazi ngumu, inataka uvumilivu tu na wikiendi ambayo hakuna msiba wala harusi, ambayo hapa mjini kuipata ni kazi kuliko rangi yenyewe.

Nyota nne kati ya tano kwa vyumba na stoo, nne kwa choo ukipaka ukingo wa chini, mbili kwa jikoni na hizo mbili ni za kukadiria maana sijaijaribu pale na sina mpango. Wa jikoni ntapiga glosi ya mafuta mwezi wa saba, ukavu ukiwepo na kumbikumbi wakiwa wamelala. Mwenye kujua duka linalouza rola za inchi 4 za nywele fupi kwa rejareja anitajie, maana niliponunua mimi walinilazimisha nichukue dazeni.